Kupakia Tela la Vifurushi kwa Barabara za Milima: Mwongozo kwa Wasimamizi wa Maghala ya Mbeya na Iringa

Tela la vifurushi linalotoka Mbeya kwenda Iringa na kuendelea hadi Dar es Salaam hupita Mlima Nyoka na Inyala, hushuka kwenye tambarare za Usangu, hupanda tena kuelekea Makambako, na baada ya Ilula huteremka mlima Kitonga, ambako dereva hukaa kwenye gia ndogo huku kona zikifuatana. Lile la Tukuyu na Kyela huanza kwa kupanda kutoka Uyole, na likishavuka sehemu ya juu ya milima ya Uporoto huteremka moja kwa moja kuelekea bonde la Ziwa Nyasa. Kwa barabara za namna hii, mpakiaji aliyezoea kujaza gari la kuzungusha mizigo mjini hana budi kubadili fikra, kwa sababu boksi lilelile litasukumwa mbele kwenye mteremko, litarudi nyuma kwenye mwinuko, na litaegemea ubavuni kwenye kona, yote hayo katika safari moja. Shehena iliyopakiwa vizuri ni ile isiyokuwa na pa kwenda. Maelezo yanayofuata yanawalenga hasa wasimamizi wa zamu, kwa kuwa makosa mengi ya upakiaji hufanyika kabla mbeba mzigo hajagusa boksi la kwanza.

Kupanga sakafuni kwanza

Kifurushi kisipande kwenye tela kwa sababu tu kimefika mlangoni. Gawa sakafu ya ghala kwa mistari ya rangi kulingana na vituo vya safari, kwa mfano Makambako, Mafinga, Iringa na Dar es Salaam, na kila kifurushi kinachopokelewa kipimwe, kibandikwe lebo, kiandikwe kwenye orodha ya safari, kisha kiwekwe katika sehemu yake. Usiamini uzito ulioandikwa kwa kalamu ubavuni mwa boksi. Mtumaji anayelipia kwa kilo ana kila sababu ya kukadiria chini. Mzani wa sakafuni hulipa gharama yake mapema, na bila huo hesabu zote za ekseli, yaani mihimili inayoshika magurudumu, zitakazotajwa baadaye ni kubahatisha.

Mzigo unaoshuka mwisho ndio unaoingia kwanza. Mzigo wa Dar es Salaam huanza kwenye ukuta wa mbele, unafuatiwa na wa Iringa, kisha wa Mafinga, na wa Makambako unakaa mlangoni. Kanuni hii kila mtu anaijua mdomoni, lakini huvunjwa karibu kila zamu katika saa ya mwisho, pale mteja anapoleta mzigo wa Iringa wakati sehemu ya Iringa imekwisha kufunikwa na ya Makambako. Msimamizi anapaswa kuweka saa ya mwisho ya kupokea mzigo wa safari husika na kuisimamia hata mbele ya mteja mkubwa. Ikilazimu mzigo uliochelewa uondoke, ukae mlangoni ukiwa na alama ya rangi inayoonekana kwa mbali, na uandikwe kwenye orodha kwamba uko nje ya mahali pake, ili mpakuaji wa Makambako asiushushe huko kwa kudhani ni wake.

Ndani ya kila kundi la kituo, tenga tena mizigo mizito, ya wastani na mepesi, na weka kando ile yenye maumbo yasiyopangika, kama vile mabomba, matairi, ndoo za rangi, spea za pikipiki na televisheni. Magunia nayo yawe na eneo lake. Gunia la lumbesa, lile lililofungwa kilemba juu likapita kilo 100 zinazoruhusiwa kwa mazao, lirudishwe kwa mwenyewe likapunguzwe. Mbali na suala la Wakala wa Vipimo, mgongo wake wa mviringo hauwezi kubeba kitu juu yake na hakuna binadamu anayepaswa kuliinua.

Kulikagua na kulizuia tela

Kabla ya mtu yeyote kuingia ndani, tela lisimame mahali pa sawa, breki ya maegesho ifungwe, na kabari ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kabari ziwe za mpira au za mbao zilizokatwa kwa kazi hiyo. Jiwe lililookotwa kando ya barabara huteleza au hupasuka. Funguo za gari zikae kwa msimamizi hadi milango ifungwe. Jambo hili huonekana la kumdhalilisha dereva, na wengine hulalamika, lakini ajali ya kutisha kuliko zote kwenye rampu ni ile ya gari kusogea wakati mtu amekanyaga mguu mmoja ndani na mwingine nje, na hutokea kwa sababu dereva amesikia mlango ukigongwa akadhani kazi imekwisha.

Tela lililotenganishwa na kichwa, yaani gari linalolivuta, likiwa limesimama kwa miguu yake ya mbele, linahitaji tahadhari ya ziada. Foklifti ikiingia hadi mwisho wa mbele, uzito wake pamoja na wa mzigo unaweza kuliinamisha tela au kuvunja miguu hiyo. Weka stendi imara ya chuma chini ya pua ya tela, na hakikisha ardhi chini ya miguu ni zege au kuna vipande vya mbao vipana. Udongo wa yadi nyingi za Mbeya baada ya mvua za masika hauwezi kubeba uzito huo.

Ndani, angalia sakafu kama ina mbao zilizooza, misumari iliyochomoza na mafuta yaliyomwagika. Kisha funga milango ukiwa ndani pamoja na mwenzako, huku wa tatu akiwa amesimama nje, na tazama kama kuna mwanga unaopenya darini au ubavuni. Kila tundu la mwanga ni tundu la maji, na kwenye njia ya Rungwe, mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, tundu dogo linatosha kuharibu safu nzima ya maboksi. Foklifti ya dizeli au petroli isikae ikiunguruma ndani ya tela lililofungwa upande mmoja, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kujenga kuta za maboksi

Namna inayofaa kwa vifurushi vya maumbo mbalimbali ni kujenga kuta zinazokwenda upande hadi upande wa tela, kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, ukuta mmoja ukimalizika kabla wa pili haujaanza. Mpakiaji asiyefuata hili hujaza sakafu yote kwanza hadi mlangoni, kisha anarudi kupanda juu ya maboksi ili kujaza safu ya pili. Matokeo yake ni maboksi yaliyokanyagwa, wapakiaji wanaotembea juu ya mzigo unaoyumba, na shehena ambayo haiwezi kupakuliwa kituo kimoja bila kugusa cha pili.

Mguu wa ukuta uwe wa maboksi makubwa, mazito na yenye nguvu, yanayolingana kimo kadiri inavyowezekana. Boksi la katoni hubeba uzito kwa kona zake kuliko kwa tumbo lake, kwa hiyo maboksi ya ukubwa mmoja yakipangwa kona juu ya kona hustahimili uzito mkubwa zaidi kuliko yakipishanishwa. Lakini mnara wa namna hiyo, usioshikamana na majirani wake, huanguka wote kwa pamoja kwenye kona ya kwanza. Suluhisho ni kupanga safu za chini kona kwa kona, na safu mbili za juu kuzipishanisha kama fundi anavyopishanisha matofali, ili minara ifungamane kichwani ambako uzito ni mdogo na mtikisiko ni mkubwa. Kama maboksi ni ya ukubwa tofauti, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya vifurushi, pishanisha mapema zaidi, na usikubali mstari mmoja wa wima uende kutoka sakafuni hadi juu bila kukatwa na boksi linaloshika pande zote mbili.

Uso wa ukuta uwe umenyooka, au ulale kidogo sana kuelekea mbele ya tela. Ukuta unaolalia upande wa mlango ni hatari kwa anayepakia na kwa atakayepakua, na kwenye mwinuko wa Makambako hakuna kinachouzuia. Mapengo yajazwe kwa vifurushi vidogo vilaini, kama vile viroba vya nguo na mito, au kwa mifuko ya hewa na vipande vya katoni vilivyokunjwa. Pengo la upana wa mkono lililoachwa ubavuni halibaki dogo. Gari likitikisika huunganika na jingine, na kabla ya Chimala boksi la juu limekwisha kupata nafasi ya kudondokea.

Lebo zitazame mlangoni. Boksi lenye mishale ya kuonyesha juu lisilazwe ubavu hata kama kwa kulazwa lingeziba pengo vizuri. Televisheni husafiri zikiwa zimesimama wima, zikiwa zimebanwa kati ya vitu bapa, na vioo vilevile. Matairi na mabomba yalale sakafuni kandokando ya ukuta wa tela, yakiwa yamefungwa, kwa sababu kitu kinachobiringika huwa kama nyundo kinapopata mwendo.

Baada ya kila kuta chache, na bila kukosa kila kundi la kituo linapokwisha, zuia mzigo kwa wavu au kwa mikanda yenye racheti iliyonaswa kwenye reli za ubavuni. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo humtaka mpakiaji azuie nguvu ya kwenda mbele inayofikia asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa ubavuni na nyuma. Kwa maneno mengine, paleti ya kilo 500 ihesabiwe kuwa itasukuma kwa nguvu ya kilo 400 pale dereva atakapokanyaga breki ghafla, na mkanda mmoja uliochakaa au kamba ya katani haitoshi. Kamba ya katani ifunge mdomo wa gunia. Kazi ya kushikilia shehena si yake. Mkanda uliokatika nyuzi pembeni utupwe, na pale unapopita juu ya kona ya boksi uwekewe kipande cha katoni ngumu ili usikate boksi wala wenyewe usikatike.

Uzito, ekseli na mizani

Vifurushi vya kawaida hujaza nafasi kabla ya kujaza uzito. Tela lenye urefu wa mita 12, upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.5 ndani lina mita za ujazo 72, na hata kila mita ya ujazo ikibeba kilo 150, jumla ni chini ya tani 11. Hesabu hii huwalegeza wapakiaji, nao husahau kwamba siku hizi tela la vifurushi hubeba pia mchele wa Kyela, ndoo za rangi, vigae, betri za sola na spea za mashine, na kwamba mizani haiulizi uzito wa jumla peke yake.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lote, lakini pia tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili za namna hiyo zilizoungana, na tani 24 kwa tatu. Gari linaweza kuwa chini ya kikomo cha jumla kwa mbali na bado likazuiwa kwa sababu kundi moja la ekseli limezidi. Kosa hilo ni la aliyepakia, hata kama faini itamkuta dereva.

Vitu vizito vikae chini, katikati ya upana, na kwa urefu vikae kati ya kichwa na ekseli za tela, vikiwa vimetawanywa. Vikirundikwa vyote mbele, ekseli za kichwa hulemewa. Vikirundikwa nyuma ya ekseli za tela, pua ya tela hupungua uzito, matairi ya kuendesha hukosa mshiko, na gari linaloparamia mlima wakati wa mvua huanza kuteleza pale ambapo haliwezi kurudi nyuma wala kwenda mbele. Upande wa kulia na wa kushoto navyo vilingane. Tela lililoegemea upande mmoja linaonekana kwa macho ukisimama nyuma yake, na dereva ana haki ya kukataa kuliondoa.

Jambo ambalo huwaponyoka hata wazoefu ni kwamba uzito wa ekseli hubadilika njiani kadiri mzigo unavyoshushwa, na si lazima ubadilike kwa kupungua. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli za tela hufanya kazi ya kuinua pua kidogo. Ukishushwa Makambako, gari zima linakuwa jepesi zaidi, lakini ekseli za kichwa huongezewa uzito uliokuwa ukiinuliwa. Ndiyo maana gari lililopita salama mizani ya Uyole linaweza kukutwa limezidi kwenye ekseli za kichwa likifika mizani ya Wenda, Iringa, na dereva akaapa kwamba hajaongeza hata kifurushi kimoja. Kinga yake ni kutoweka mizigo yote mizito ya Dar es Salaam kwenye ukuta wa mbele kabisa. Ukuta wa kwanza au kuta mbili za kwanza za Dar ziwe za vitu vyepesi, na vile vizito vianze baada ya hapo. Fanya hesabu mara mbili: gari likiwa limejaa, na likiwa limebaki na mzigo wa kituo cha mwisho tu.

Miili ya wapakiaji

Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima peke yake, na wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani hutumia kilo 23 kama kiwango cha kuinua mara kwa mara katika mazingira mazuri kabisa. Ndani ya tela hali si nzuri kabisa: ni giza, ni finyu, na nusu ya maboksi huinuliwa juu ya mabega. Kwa hiyo kila kinachozidi kilo 25 kiinuliwe na watu wawili au kiende kwa troli, na kisipandishwe juu ya kifua. Mtu apinde magoti, alikaribishe boksi mwilini, ageuke kwa miguu bila kupinda kiuno. Anayepanga safu za juu apewe ngazi fupi yenye jukwaa, asipande juu ya maboksi.

Glavu, buti zenye kofia ya chuma na vizibao vya kuakisi mwanga hutolewa na mwajiri bila malipo, kama Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inavyotaka. Mwezi Juni na Julai, zamu za alfajiri za Mbeya, Mafinga na Njombe hufanyika kwenye baridi kali, na mikono iliyokufa ganzi huangusha vitu; dakika chache za kupasha misuli na chai ya moto kabla ya kazi hazipotezi muda. Wapakiaji ndani ya tela wasizidi watatu. Wa nne huwa hana la kufanya ila kusimama njiani.

Vitu visivyokaa pamoja

Viuatilifu na mbolea visikae ukuta mmoja na unga, mchele au dawa za binadamu, hata vikiwa vimefungwa, na vitu vya majimaji visikae juu ya kitu chochote kikavu. Mitungi ya gesi isisafirishwe katika tela la vifurushi lililofungwa. Betri za simu na za sola zilizovimba au kupasuka zikataliwe mapokezini, na nzima ziwekwe mbali na rangi na vimumunyisho, zikiwa zimezibwa ncha zake. Parachichi na ndizi, ambazo wateja wa Rungwe na Njombe hupenda kuzipenyeza pamoja na vifurushi, hutoa joto na unyevu. Zikae mlangoni penye hewa au zisafiri kwa gari lake.

Kimo cha nchi nacho kina mchango wake. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko Dar es Salaam. Pakiti zilizozibwa pwani hufika zimevimba, na maboksi yake husukumana. Madumu ya plastiki yaliyozibwa Mbeya, hasa yasiyojaa, hunywea ubavu yakifika chini, na safu iliyopangwa juu yake hulala. Madumu yakae safu ya juu ya mizigo mizito ya majimaji, yakiwa ndani ya kreti, bila kubebeshwa kitu.

Kufunga mlango na kuufungua

Ukuta wa mwisho usiegemee mlango. Uache nafasi ya mkono mmoja, weka wavu au mbao za kuzuia, kisha hesabu vifurushi kwa orodha, piga picha ya uso wa mwisho, funga, weka lakiri, na andika namba yake kwenye nakala zote. Dereva asaini akiwa ameona mwenyewe ndani. Baada ya kilomita 30 au 40 za kwanza, asimame mahali salama akague lakiri na milango. Kwa tela la turubai akaze mikanda upya, kwa sababu mzigo wowote hujituliza na kuilegeza.

Kwenye kituo cha kupakulia, mpakuaji asisimame katikati ya milango. Afungue bawa moja tu, akiwa amejificha nyuma yake, asikilize na kuchungulia kabla ya kufungua la pili. Mzigo ulioegemea achukue boksi la juu kwanza, kamwe asivute la chini. Mzigo wa kituo hicho ukishakwisha, uso mpya wa shehena uliobaki uzuiwe tena kwa wavu na mikanda kana kwamba safari ndiyo inaanza, lakiri mpya iwekwe, na namba yake iandikwe kwenye orodha kabla gari halijaondoka.